Wiki nane za kutapika: uchambuzi wa kisa cha upungufu wa vitamini B1 katika ujauzito

Mama anayesimuliwa hapa si mtu mmoja anayeweza kutambulika. Nimemjenga kutokana na sura ambayo hali hii huja nayo wodini, kwa mfuatano wake wa dalili, vipimo na makosa, ili kila uamuzi uweze kupimwa hatua kwa hatua bila kufichua siri ya mgonjwa yeyote. Jambo ninalotaka kulionyesha ni moja. Thiamini, yaani vitamini B1, huokoa ubongo pale tu inapotolewa kwa wakati, kwa njia inayoifikisha kwenye damu, na kwa wingi unaolingana na hatari iliyopo. Mama huyu aliandikiwa thiamini tangu siku ya kwanza aliyolazwa, lakini haikumfaa kitu, kwa sababu ilikosewa njia, ikakosewa kipimo, na ikatanguliwa na sukari.

Kisa chenyewe

Alikuwa na umri wa miaka 26, akiwa na ujauzito wake wa pili, wiki ya 14. Kutapika kulianza wiki ya 6 na hakukukoma. Katika wiki tatu za mwisho kabla ya kulazwa hakuna mlo uliokaa tumboni mwake, na hata maji alikuwa akiyanywa kwa vijiko. Kabla ya kushika mimba alikuwa na uzito wa kilo 61. Siku aliyolazwa mizani ilisoma kilo 52, yaani alikuwa amepoteza kilo 9, ambazo ni karibu asilimia 15 ya uzito wake. Mara mbili kabla ya hapo alikwisha kulazwa kwa siku moja moja, akawekewa dripu, akapewa dawa ya kuzuia kutapika na kuruhusiwa kurudi nyumbani mara tu alipoweza kusimama.

Siku ya kwanza mapigo ya moyo yalikuwa 118 kwa dakika, shinikizo la damu 96 kwa 60, na mkojo ulikuwa na ketoni nyingi, yaani mabaki ya mafuta ambayo mwili huyaunguza unapokosa chakula. Potasiamu ilikuwa milimoli 2.7 kwa lita na sodiamu 129. Vimeng'enya vya ini vilikuwa vimepanda kidogo, na homoni ya tezi dundumio ilikuwa juu ya kawaida kwa kiasi kidogo, jambo ambalo homoni ya ujauzito huweza kulisababisha yenyewe bila tezi kuwa na ugonjwa. Kipimo cha ultrasaundi kilionyesha mtoto mmoja mwenye mapigo mazuri ya moyo. Daktari wa zamu aliandika lita mbili za dripu ya glukosi ya asilimia 5 na lita moja ya dripu ya chumvi kwa siku, dawa ya kuzuia kutapika kwa mshipa, na kidonge kimoja cha thiamini cha miligramu 100 kila siku.

Siku ya pili alikitapika kidonge kile nusu saa baada ya kukimeza, na hakuna aliyelirudia agizo. Kwenye saa moja jioni mume wake alimwambia muuguzi kwamba mkewe alikuwa amemwuliza swali lile lile mara nne na kila alipojibiwa alionekana kulisikia jibu kwa mara ya kwanza. Maneno hayo yaliandikwa kwenye jalada, lakini hayakumfikia daktari. Asubuhi ya siku ya tatu mama alilalamika kwamba anaona kila kitu kikiwa viwili, na mkunga akamkuta akielekea chooni huku akishika ukuta kwa mikono yote miwili. Maelezo ya raundi ya siku hiyo yalisema kwamba amechoka, ana huzuni, na aonwe na mshauri nasaha.

Siku ya nne, saa tano asubuhi, daktari bingwa alimchunguza upya tangu kichwani hadi miguuni. Mboni zilikuwa zikichezacheza kila alipotazama pembeni, na jicho la kushoto halikuweza kugeuka kabisa kuelekea nje. Alipokaa kitandani aliyumba, na aliposimamishwa alihitaji kushikwa pande zote mbili. Hakujua ni siku gani, wala hakukumbuka alilazwa lini. Magoti hayakurusha mguu yalipogongwa kwa kinyundo. Hakuwa na homa, shingo haikukakamaa, na sukari ya damu ilikuwa ya kawaida. Daktari aliagiza damu ichukuliwe kwa ajili ya kipimo cha thiamini, kisha, bila kusubiri jibu la kipimo chochote, akaagiza miligramu 500 za thiamini kwa mshipa hapo hapo. Tangu mume alipotoa taarifa yake hadi dozi hiyo kuingia mwilini zilikuwa zimepita saa 40.

Kilichokuwa kikitokea ndani ya seli

Sukari inapoingia ndani ya seli huvunjwa kwanza hadi kuwa pairuveti, na hatua hizo za mwanzo haziihitaji thiamini. Ugumu huanza pale pairuveti inapotakiwa kuingia kwenye mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli, ili iungue na kutoa nishati iliyo nyingi. Mlango huo hufunguliwa na kimeng'enya kiitwacho pairuveti dihaidrojenezi, ambacho hakiwezi kufanya kazi bila thiamini iliyokwisha kugeuzwa kuwa thiamini pairofosfeti. Mbele kidogo, katikati ya mzunguko wa nishati wenyewe, kipo kimeng'enya kingine, alfa-ketoglutareti dihaidrojenezi, kinachodai msaada huo huo. Na nje ya mitokondria kipo cha tatu, transketolezi, kinachoshiriki katika njia inayoipa seli malighafi ya kutengenezea viini vya urithi na kinga dhidi ya sumu za oksijeni. Thiamini ikipungua, milango yote mitatu hulegea kwa pamoja. Pairuveti hujazana, hugeuzwa kuwa asidi ya laktiki, na seli hufa njaa huku sukari ikiwa imeizunguka.

Ubongo huumia kabla ya viungo vingi kwa sababu, ingawa ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hutumia karibu moja ya tano ya nishati yote. Ndani ya ubongo wenyewe zipo sehemu zinazounguza sukari kwa kasi zaidi, nazo ndizo zinazodhurika mwanzo: sehemu za ndani za thalamasi (kiungo kilicho katikati ya ubongo), vifundo viwili vidogo vilivyo chini ya ubongo vinavyohusika na kumbukumbu, eneo linalozunguka mfereji mwembamba wa maji ya ubongo ambako viko vituo vya neva za macho, na sehemu ya juu ya ubongo mdogo wa kisogoni unaotunza mizani ya mwili. Msomaji akiirudia orodha ya dalili za mama huyu ataiona ramani hiyo hiyo: kusahau, macho yasiyokwenda pamoja, na mwendo wa kuyumba. Hakuna dalili hata moja kati ya hizo iliyohitaji huzuni ili kuelezeka.

Mwili hauna ghala kubwa la thiamini. Akiba yote ya mtu mzima ni kama miligramu 25 hadi 30, na sehemu kubwa yake imo ndani ya misuli, moyo, ini, figo na ubongo. Mwanamke asiye mjamzito huhitaji miligramu 1.1 kwa siku, na mjamzito 1.4. Ukigawanya 30 kwa 1.4 unapata siku 21. Hesabu hiyo si kamili kibaolojia, kwani mwili hupunguza matumizi kadiri akiba inavyoshuka na dalili huanza kabla akiba haijafika sifuri, lakini inatosha kumwonyesha yeyote aliyesimama kando ya kitanda kwamba mtu asiyekula kwa wiki mbili au tatu amekwisha kufika ukingoni. Mama huyu alikuwa na wiki tatu za njaa tupu juu ya wiki tano za kula kwa kubahatisha.

Mahitaji ya thiamini hupanda kadiri wanga na sukari zinavyoongezeka. Lita mbili za glukosi ya asilimia 5 hubeba gramu 100 za sukari, na mama alipewa kiasi hicho kila siku kwa siku tatu. Nia ilikuwa njema, kwa sababu ketoni kwenye mkojo zilisomwa kama kilio cha mwili unaodai sukari. Hata hivyo sukari hiyo ilikuja kuidai thiamini ya mwisho iliyokuwa imebaki. Lazima niliseme jambo hili kwa uangalifu, maana wengine wamelibeba hadi likawa na madhara ya upande wa pili: mgonjwa ambaye sukari yake ya damu imeshuka hadi kiwango cha hatari apewe glukosi mara moja, na thiamini ifuate papo hapo, kwa kuwa ubongo uliokosa sukari hufa kwa dakika. Kinachoogopwa zaidi ni kile kilichotokea hapa, yaani kumwaga sukari saa baada ya saa, siku baada ya siku, kwa mtu mwenye njaa ambaye sukari yake ya damu haikuwa na tatizo, bila thiamini yoyote kuingia. Isitoshe, dripu ile haikuwa chaguo zuri hata kwa chumvi za damu, kwa sababu sukari yake ikishatumika hubaki maji matupu, nayo huishusha sodiamu ambayo tayari ilikuwa chini.

Kwa nini ugonjwa haukuonekana

Ugonjwa huu wa ubongo hubeba jina la Carl Wernicke, daktari Mjerumani aliyeueleza mwaka 1881 kwa wagonjwa watatu. Wawili walikuwa wanaume walevi. Wa tatu, ambaye mara nyingi husahaulika, alikuwa msichana mshonaji wa umri wa miaka 20 aliyekunywa asidi ya salfuriki, tumbo lake likaziba njia ya kutokea, naye akatapika mfululizo kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo tangu maelezo yake ya kwanza huu umekuwa ugonjwa wa watu wanaotapika kama ulivyo ugonjwa wa walevi. Mazoea ya kuufundisha chini ya somo la pombe yamewagharimu wagonjwa wengi: wajawazito, waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, wenye saratani, waliogoma kula, na wanaolishwa kupitia mshipa. Mwaka 1997 upungufu wa maji ya multivitamini nchini Marekani uliwafanya wagonjwa waliokuwa wakilishwa kwa mshipa wakose vitamini kwa wiki kadhaa, wakapata asidi kali ya laktiki katika damu ambayo haikusikia dawa nyingine yoyote mpaka walipopewa thiamini.

Kosa la pili la mazoea ni kusubiri dalili tatu zikamilike. Uchunguzi wa maiti uliofanywa Australia na kuchapishwa mwaka 1986 ulionyesha kwamba, kati ya waliothibitika kuwa na ugonjwa huu, ni kama asilimia 16 tu waliokuwa na dalili zote tatu walipokuwa hai. Ndiyo maana vigezo vilivyopendekezwa mwaka 1997, ingawa vilitengenezwa kwa wanywaji wa pombe, vinatosheka na mambo mawili tu kati ya manne: lishe duni, dalili za macho, dalili za ubongo wa mizani, na akili iliyovurugika au kumbukumbu iliyopungua. Kwa vigezo hivyo mama huyu alistahili kutibiwa jioni ya siku ya pili, mume wake alipozungumza. Ikumbukwe kwamba kigezo cha kwanza kilikuwa tayari kimeandikwa kwenye mizani siku aliyolazwa.

Kuhusu wajawazito hasa, mapitio ya visa 49 yaliyochapishwa mwaka 2006 yalikuta dalili zikianza, kwa wastani, karibu na wiki ya 14, baada ya takriban wiki 8 za kutapika. Dalili za macho zilikuwapo kwa karibu wote. Karibu nusu ya mimba zilipotea, na waliopona kabisa walikuwa 14 tu. Kisa chetu kinafuata mkondo huo, na anayehudumia wodi ya wajawazito anapaswa kuzikariri namba hizo mbili, wiki ya 14 na wiki 8, jinsi anavyokariri viwango vya shinikizo la damu.

Picha ya ubongo ya MRI (inayopigwa kwa sumaku) ilipigwa siku ya tano. Ilionyesha weupe uliolingana pande zote mbili za thalamasi na kuuzunguka mfereji wa maji ya ubongo. Picha ya namna hiyo ni ushahidi wenye nguvu, lakini picha safi haiondoi ugonjwa, kwani karibu nusu ya wagonjwa picha zao hazionyeshi kitu. Kipimo cha thiamini pairofosfeti katika damu kilirudi siku tisa baadaye kikiwa chini sana. Thamani yake ilikuwa kuthibitisha kumbukumbu ya jalada, wala hakikumsaidia mgonjwa, na ndiyo sababu damu yake huchukuliwa kabla ya dozi ya kwanza na kisha husahaulika hadi jibu lije lenyewe.

Dozi, njia na saa

Hapa ndipo penye uzito wa kisa hiki. Miligramu 100 alizoandikiwa ni mara sabini ya mahitaji ya siku ya mjamzito, na aliyeziandika angeweza kujitetea kwamba amezidisha. Hata hivyo namba iliyo kwenye kidonge haielezi kinachoingia kwenye damu. Utumbo mwembamba huifyonza thiamini kwa vibebeo maalumu ambavyo hujaa haraka, kiasi kwamba katika vipimo vya zamani vya watu wenye afya dozi moja ya kumeza ilipita kwa miligramu 4 au 5 tu, hata ilipozidishwa. Kiasi kingine hupenya polepole chenyewe pale dozi inapokuwa kubwa, lakini njaa na ulevi huudhoofisha ufyonzaji huo zaidi. Na kwa mama huyu hata mjadala wa ufyonzaji haukuwa na maana, kwa sababu kidonge kilirudi nje. Agizo lililoandikwa vizuri na kutapikwa ni sawa na agizo ambalo halikuandikwa.

Kwa ugonjwa uliokwisha kugusa ubongo, mahitaji ya siku si kipimo tena. Lengo huwa kuijaza damu thiamini kiasi cha kuilazimisha ivuke kizuizi kilicho kati ya damu na ubongo, ambacho nacho kina vibebeo vinavyojaa, na kuifanya ivuke pia kwa kupenya. Kwa kuwa thiamini iliyo huru katika damu hupungua kwa nusu ndani ya saa moja na nusu hivi na figo huitupa ziada, dozi moja kwa siku huacha saa nyingi bila kitu. Ndiyo sababu hugawanywa mara tatu. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2002 ulipendekeza miligramu 500 kwa mshipa mara tatu kwa siku, na kuendelea na miligramu 250 kila siku kwa siku tano au zaidi pale mgonjwa anapoonyesha nafuu. Mwongozo wa wataalamu wa neva wa Ulaya wa mwaka 2010 ulipendekeza miligramu 200 mara tatu kwa siku, ikiwezekana kwa mshipa, kabla ya wanga wowote, hadi dalili zisiposogea tena. Tofauti kati ya 200 na 500 haijamalizwa na majaribio makubwa, na sioni aibu kukiri kwamba ninaegemea 500 kwa mgonjwa ambaye tayari haoni sawasawa, kwa sababu gharama ya kupungukiwa hapo ni kumbukumbu ya maisha, ilhali gharama ya kuzidisha ni mkojo.

Mama alipewa miligramu 500 zilizochanganywa katika mililita 100 za maji ya chumvi na kupitishwa kwa dakika 30, mara tatu kwa siku, kwa siku tano kwa kuwa aliendelea kusogea mbele. Kisha miligramu 250 mara moja kwa siku kwa siku tano nyingine. Mzio mkali wa ghafla umeripotiwa kwa thiamini ya mshipa. Ni nadra sana, na hautoshi kuwa sababu ya kumnyima mgonjwa dozi, lakini unatosha kuwa sababu ya kuipitisha polepole, muuguzi akiwa karibu na adrenalini ikiwa tayari. Kiwango cha juu cha hatari kwa thiamini ya kumeza hakijawahi kuwekwa, kwa kuwa ziada hutoka na mkojo.

Siku ya pili ya tiba hiyo macho yalikuwa yamepata nafuu kidogo, lakini akili ilikuwa bado imefunikwa. Hapo mfamasia wa wodi aliuliza kuhusu magnesiamu, nayo ilikuwa haijapimwa. Jibu lilikuwa milimoli 0.51 kwa lita, wakati kawaida huanzia kama 0.7. Swali hilo lilikuwa la msingi. Thiamini haigeuki kuwa thiamini pairofosfeti bila magnesiamu, na vimeng'enya vinavyoitumia huidai magnesiamu pia. Kwa hiyo mtu aliyejazwa thiamini huku magnesiamu yake ikiwa chini anaweza kuonekana kama aliyekataa tiba. Tena potasiamu nayo haishikiki mwilini magnesiamu inapokuwa chini, na hili lilieleza kwa nini potasiamu ya mama ilikuwa imegoma kupanda kwa siku nne. Aliwekewa magnesiamu salfeti kwa mshipa siku hiyo hiyo. Mtu yeyote anayetapika kwa wiki kadhaa anastahili kupimwa magnesiamu tangu siku ya kwanza, pamoja na fosfeti.

Dripu ya glukosi ilikuwa imesimamishwa mara tu ugonjwa uliposhukiwa, na nafasi yake ikachukuliwa na dripu ya chumvi ya asilimia 0.9 yenye potasiamu. Sodiamu ilipandishwa taratibu, isizidi milimoli 8 kwa saa 24, kwa kuwa kuipandisha haraka huweza kuivua neva za shina la ubongo utando wake, na mwenye utapiamlo na potasiamu ya chini huwa katika hatari kubwa zaidi ya madhara hayo. Alipoanza kulishwa kwa mrija wa puani, nishati ilianzia kilokalori 10 kwa kila kilo ya uzito kwa siku na kuongezwa kidogo kidogo, fosfeti ikipimwa kila siku, kwani chakula kinachorudi kwa pupa kwenye mwili wenye njaa huvuta fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu na kuweza kuusimamisha moyo. Mwongozo wa lishe wa Uingereza wa mwaka 2006 unataka watu wa namna hiyo wapewe miligramu 200 hadi 300 za thiamini kila siku kabla ya kuanza kulishwa na katika siku kumi za mwanzo.

Siku ya kwanza ingepaswa kuwaje

Swali gumu zaidi katika kisa hiki linahusu siku ya kwanza, wakati macho yalikuwa yakitembea vizuri na akili ikiwa timamu. Siku ile mama hakuhitaji miligramu 1,500. Alihitaji dozi ndogo ya kinga iliyofika kwenye damu. Wataalamu wa uzazi wa Marekani hupendekeza miligramu 100 za thiamini kwa mshipa pamoja na dripu ya kwanza kwa mjamzito anayehitaji maji baada ya kutapika kwa zaidi ya wiki tatu, na miligramu 100 kila siku kwa siku mbili au tatu zinazofuata. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2016 ulitaka kila mama aliyelazwa kwa kutapika kwa muda mrefu apewe thiamini, ya kumeza au ya mshipa, hasa kabla ya glukosi au lishe ya mshipa. Kwa hiyo miligramu 100 zile zile alizoandikiwa, laiti zingechanganywa kwenye dripu ya chumvi badala ya kuwekwa mkononi mwa mtu asiyeweza kumeza mate yake, pengine zingetosha. Nasema pengine kwa sababu alikuwa amechelewa kufika, lakini ulinganisho unauma: ni dawa ile ile, uzito ule ule, siku ile ile, na tofauti ilikuwa njia tu.

Na ikiwa hakuna thiamini ya mshipa, sindano ya msuli ni bora kuliko kidonge kwa anayetapika, mradi misuli haijakwisha kabisa na damu inaganda vizuri. Kidonge kina mahali pake kwa anayeweza kukihifadhi tumboni: kwa anayetapika asubuhi tu na kula jioni, kwa aliyekwisha kumaliza tiba ya sindano, na kwa kinga ya muda mrefu.

Sitaki hoja hii ichukuliwe kuwa sifa ya thiamini kwa kila uchovu. Mtu anayekula vizuri na asiye na ugonjwa hapati nguvu zaidi kwa kuongezewa, kwa sababu milango ile mitatu tayari iko wazi na haiwezi kufunguliwa zaidi ya hapo. Matumizi yake makubwa ni pale inapokosekana kweli, kama katika beriberi ya moyo, ambapo mgonjwa anayevimba na kushindwa kupumua anaweza kubadilika ndani ya saa chache baada ya sindano, na katika magonjwa machache ya kurithi ambayo kibebeo au kimeng'enya chenyewe kina kasoro, hivyo kuhitaji dozi kubwa kwa maisha yote. Mama huyu alikuwa katika kundi la kwanza, na upungufu wake ungehesabika kwa kalenda.

Alivyoendelea

Jicho la kushoto lilianza kugeuka nje saa 18 baada ya dozi ya kwanza, na kuona viwili viwili kulikwisha siku ya tatu ya tiba. Mboni ziliendelea kuchezacheza kidogo alipotazama pembeni kwa wiki kadhaa. Akili ilifunguka siku mbili baada ya magnesiamu kusahihishwa. Alimtambua mkunga kwa jina na kuuliza habari za mtoto wake mkubwa. Mwendo ulichelewa zaidi. Alijifunza kusimama bila kushikwa siku ya 12, na aliruhusiwa siku ya 24 akitembea na mkongojo, uzito ukiwa kilo 55, akimeza thiamini miligramu 100 mara tatu kwa siku. Alielekezwa kwamba akitapika kwa siku mbili mfululizo arudi wodini kwa sindano, asingoje siku ya kliniki.

Mimba iliendelea. Dozi ya kumeza haikusimamishwa baada ya kujifungua, kwa kuwa mtoto anyonyaye hutegemea thiamini iliyo katika maziwa ya mama, na mama aliyeishiwa humpa mtoto maziwa yaliyoishiwa. Beriberi ya watoto wachanga huanza mara nyingi kati ya mwezi wa pili na wa sita, na mtoto anaweza kupoteza sauti ya kilio au moyo wake kushindwa.

Alipochunguzwa miezi mitatu baada ya kutoka wodini hakuweza bado kutembea kwa kufuatisha kisigino na vidole kwenye mstari mmoja. Aliweza kukumbuka mambo mapya baada ya nusu saa, jambo ambalo wiki ya kwanza lilikuwa halimo kabisa, lakini siku zile nne za mwanzo wodini hazikurudi kichwani mwake. Kwenye kadi yake ya kliniki daktari aliandika kwa wino mwekundu kwamba katika ujauzito wowote ujao thiamini ianze mara kutapika kutakapoanza, na dripu yoyote ya glukosi itanguliwe na miligramu 100 kwa mshipa. Mume wake aliomba nakala ya maandishi hayo, akaikunja na kuiweka pamoja na kitambulisho chake.